Sabuni Kwenye Tangi la Boti

Kwa miaka arobaini na mitatu nimetengeneza injini hapa Kitale, na katika miaka hiyo yote sikuona sababu ya kujifunza kuogelea. Injini zangu zilikaa juu ya udongo: matrekta ya wakulima wa mahindi, mashine za kusaga za Matisi na Kiminini, malori ya mbao. Kwa hiyo Sista Pauline aliponipigia simu kutoka Bungoma, mwezi wa nane mwaka wa 2007, na kuniuliza kama naweza kutengeneza boti, nilimwambia kwamba injini ni injini.

Sista Pauline alikuwa muuguzi aliyestaafu. Aliongoza kikundi cha akina mama wa Bungoma, wa kanisani na wa msikitini pamoja, na kikundi hicho kilikuwa kimepewa boti kuukuu na hoteli moja ya ziwani iliyofunga biashara. Walitaka kuipeleka Budalangi. Anayeishi huku juu anaujua mto Nzoia ukiwa bado kijana, anauvuka kwa daraja na kuusahau. Lakini mvua inayonyesha kwetu na kule Cherangani ndiyo inayoingia nyumba za watu wa Budalangi siku chache baadaye, na mwezi ule ilikuwa inanyesha kila alasiri kama mtu aliyeajiriwa.

Dereva wa boti alikuwa Wekoye, mtu wa miaka thelathini na tano hivi, aliyezaliwa Bungoma na kuvua samaki Port Victoria kwa miaka kumi na miwili. Dada yake Nekoye alikuwa ameolewa Budalangi, nyuma kabisa ya tuta linalozuia mto. Alikuwa na watoto wanne na mama mkwe asiyeweza kutembea, na alikuwa amekataa kuondoka bila huyo mama. Trekta ya kuvuta boti ilikuwa imeahidiwa Ijumaa. Wekoye aliniambia mambo hayo yote kabla sijaweka mfuko wangu wa spana chini.

Boti yenyewe ilikaa juu ya trela katika uwanja wa Sista Pauline, katikati ya migomba, ikiwa imefunikwa turubai kuukuu yenye matundu. Injini ya petroli ilikuwa nzima kuliko nilivyotarajia, imekaa ndani ya sanduku la mbao karibu na mkia. Ubovu ulikuwa kwenye njia ya mafuta. Mipira ilikuwa imekauka na kupasuka kama visigino vya mtu asiyejipaka mafuta, na tangi, lililokuwa la bati, lilikuwa linatoa machozi kwenye mshono wa chini.

Nilifanya kazi hiyo kwa siku moja, Jumatatu, na niliifanya vizuri kwa namna niliyoijua. Kila fundi wa bara anajua dawa ya tangi linalovuja. Unachukua kipande cha sabuni ya kufulia, unakisugua kwenye ufa mpaka kijae, kisha unapaka gundi ya chuma juu yake na kuzungusha kitambaa. Petroli haiyeyushi sabuni. Nimewahi kutoka Lodwar mpaka Kitale na tangi lililozibwa hivyo, na lori likaendelea kufanya kazi mwezi mzima. Mipira niliibadilisha kwa paipu za plastiki zinazoonyesha ndani, na maungio nikayafunga kwa vipande vya tyubu, nikivuta kila kipande kwa meno. Tukajaza tangi. Wekoye akazungusha ufunguo, injini ikanguruma mara ya pili, na akina mama wakapiga vigelegele. Nililishwa kuku. Wakati wa kuondoka Sista Pauline alinipa kitabu cha boti kilichokuwa kimefungwa kwenye nailoni chini ya kiti, kwa kuwa alisikia napenda kusoma. Nilikipokea ili nikisome baadaye, kwa starehe.

Jumatano asubuhi nilikaa barazani kwangu Matisi na kumweleza mke wangu, Cheptoo, jinsi kazi ilivyokwenda. Alikuwa anafua. Ni mtu anayesikiliza kwa mikono, haachi kusugua. Nilimweleza habari za vigelegele, kisha habari za tangi, na jinsi nilivyoziba ule mshono mpaka usitoe hata tone.

"Umeziba na nini?" akauliza.

"Sabuni. Na gundi juu."

Aliendelea kufua. Baada ya muda akauliza, "Na hiyo boti inaenda wapi, Baba Tonny?"

"Budalangi. Kwenye maji."

Alikitoa kipande cha sabuni ndani ya beseni, akakitazama, akakiinua kwenye mwanga. Alikuwa amekinunua jana yake kikiwa kinene kama tofali, na sasa kilikuwa chembamba kama ulimi. Akakirudisha kwenye maji na kuendelea na kola ya shati langu.

Nilitaka kumjibu kwamba gundi ilikuwa juu ya sabuni, na kitambaa juu ya gundi. Lakini nilijua mkono wangu ulivyofanya. Gundi haikuwa imefika nyuma, mahali tangi lilipogusana na ubavu wa boti, kwa sababu vidole vyangu havikufika huko. Kwenye lori pale pangekuwa pakavu. Kwenye boti ndipo maji yote hukusanyika, na tangu Jumatatu mvua haikuacha kunyesha Bungoma wala Kitale.

Niliingia ndani nikachukua kile kitabu na kamusi yangu. Nilijifunza kusoma nikiwa na miaka arobaini na moja, katika darasa la ngumbaru pale Tuwan, jioni baada ya kazi, nikiwa nimekaa kwenye dawati la watoto na magoti yakigusa kidevu. Tangu wakati huo sijaogopa kitabu chochote, ila vingine huchukua muda zaidi. Hiki kilikuwa cha Kiingereza. Nilikwenda moja kwa moja kwenye sura ya mafuta, neno kwa neno, na kufikia saa tisa mchana nilikuwa nimeelewa jambo ambalo miaka yangu yote arobaini na mitatu haikunifundisha, kwa kuwa haikulihitaji.

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Gari likivuja, mvuke unashuka chini ya gari, upepo unauchukua, na fundi anaendelea kuishi na kujisifu. Lakini boti imetengenezwa isipitishe kitu chini. Mvuke unashuka tumboni mwake na kukaa humo kama maji ndani ya sufuria, siku mbili, siku tatu, na hasa ikiwa imefunikwa turubai. Halafu mtu anakuja na kuzungusha ufunguo. Cheche moja ndogo ya umeme inatosha. Kitabu kilisema pia kwamba paipu za plastiki za kawaida hugeuka ngumu na kupasuka zikizoea petroli, na kwamba kila ungio linataka klipu za chuma kisichoshika kutu. Tyubu haikutajwa popote.

Nilimpigia Sista Pauline nikamwomba mtu yeyote asiguse ufunguo wala kuwasha moto karibu na boti mpaka nifike. Aliniuliza kwa nini. Nikamwambia kuna jambo dogo la kukaza. Naandika hili kwa kuwa ni kweli. Kwa muda wote uliobaki wa siku ile nilikuwa nikipanga jinsi ya kwenda Bungoma, kubadilisha kila kitu kimyakimya na kuondoka na jina langu likiwa safi.

Alhamisi asubuhi nilikwenda kwanza kwa Abdirashid, muuza spea karibu na msikiti wa Kitale. Tumejuana tangu duka lake likiwa meza moja. Nilimwomba mipira ya petroli yenyewe, ile minene yenye nyuzi ndani, na klipu nzuri. Akaniuliza si boti ya akina mama ilikwisha Jumatatu, maana habari za kuku zilimfikia. Nilitazama barabarani, kisha nikamwambia ukweli wote, labda kwa sababu yeye hakuwa Bungoma.

Abdirashid alicheka mpaka akavua kofia na kufuta macho nayo.

"Wallahi, Mzee Mukhisa," akasema, "sasa hiyo boti ikizama, si itatoka imetakata?"

Nilimwacha acheke. Alipomaliza alikuwa mtu mwingine. Aliniuliza tangi lenyewe litakuwaje, na kabla sijajibu alikuwa ameshika simu, anazungumza na ndugu yake Abdinasir aliyekuwa anauza vifaa vya boti Kisumu. Tangi jipya la plastiki nzito, lililotengenezwa kwa ajili ya boti, lingeweza kufika Bungoma Jumamosi. Si mapema zaidi. Alinipa mipira na klipu, akaongeza chujio lenye kikombe cha kioo cha kukamata maji. Kisha akaniambia jambo lililonielemea njiani kuliko huo mzigo: kwamba kama mimi ndiye ningekuwa na dada nyuma ya lile tuta, ningetaka kuambiwa.

Nilipofika kwa Sista Pauline akina mama kama kumi walikuwa wanafunga magunia ya unga na blanketi. Wekoye alikuwa amekaa kwenye ukingo wa boti, iliyokuwa bado imefunikwa turubai, na uso wake haukuwa mzuri. Alikuwa ametaka kuiwasha injini tangu asubuhi ili ipate joto, na Sista Pauline alikuwa ameuficha ufunguo mfukoni mwa aproni na kukataa kuutoa. Wekoye aliniambia dada yake alikuwa amepiga simu. Maji yalikuwa yamefika kwenye choo cha jirani.

"Kuka, kesho trekta inakuja saa kumi na mbili," akasema, akiniita babu kwa Kibukusu. "Hiyo kitu yako ndogo ikaze sasa hivi, bana."

Hapo ndipo mahali ambapo ningeweza kukaza na kuondoka. Spana ilikuwa mkononi. Lakini hata kwa uongo boti isingekwenda Ijumaa, kwa kuwa tangi lilikuwa linakuja Jumamosi, na uongo wa siku mbili unahitaji kulishwa kila saa. Zaidi ya hayo, nilimtazama Wekoye akiwa amekaa pale, kando kabisa ya sanduku la injini, na miguu yake ikining'inia.

"Shuka kwanza," nikamwambia. "Tangi nililiziba na sabuni. Mvua imeingia. Hii boti haiendi kesho."

Mama mmoja mnene aliyekuwa amekalia gunia akasema polepole, "Sabuni? Kwa boti?" na wote wakaanza, mmoja baada ya mwingine, mpaka kuku wakakimbia. Nina miaka sabini na moja. Sikuwahi kuchekwa na akina mama kumi kwa wakati mmoja, na sitasema kwamba kuchekwa hivyo hakuumi.

Wekoye hakucheka. Alisema kwamba ziwani wanafunga mipira hata kwa nailoni, wanakwenda na kurudi. Alisema wazee wa bara wanasoma kitabu kimoja, halafu wanataka maji yangojee. Nilimwacha amalize, kwa kuwa alikuwa anazungumza juu ya dada yake. Kisha nikamwambia kwamba boti zao za uvuvi, injini hukaa nje nyuma, upepo wa ziwa ukiipiga siku nzima, na chini ni wazi. Hii, injini yake iko ndani ya sanduku. Nikamwomba anisaidie kuondoa turubai na mbao mbili za sakafu, ajionee mwenyewe.

Kabla ya hapo nilihakikisha jiko la Sista Pauline limezimwa kwa maji, na simu zote zimewekwa mezani ndani ya nyumba. Tulipoinua mbao, harufu ilitoka kama mtu aliyekuwa anasubiri mlangoni. Sista Pauline alirudi nyuma na kuziba pua kwa leso. Chini kulikuwa na maji meupe kama maziwa yaliyochanganywa, na juu yake petroli ikicheza kwa rangi za upinde wa mvua. Sabuni yangu ndiyo iliyoyafanya yawe meupe. Kwenye mshono nyuma ya tangi haikubaki hata chembe.

Wekoye alitazama kwa muda. Macho yake yalikwenda kwenye swichi ya kuwashia, ambayo ilikuwa hatua mbili kutoka pale, kisha yakarudi chini. Alishuka akaenda kukaa kwenye migomba. Sista Pauline alitoa ufunguo kwenye aproni na kuuweka mkononi mwangu, na hakuna mtu aliyecheka tena siku ile.

Kazi ya mara ya pili ilichukua siku mbili na nusu, na siionei haya hata skrubu moja. Tuliacha kila kifuniko wazi mpaka upepo wa alasiri ulipoondoa ile harufu yote, ndipo nikafungua nyaya za betri na kuibeba betri mbali. Petroli niliitoa kwa pampu ya mkono, si kwa kuivuta kwa mdomo kama tulivyozoea gereji, nikaiweka kwenye madebe ya chuma mwisho wa shamba. Maji ya chini tuliyakausha kwa sifongo, kopo baada ya kopo, na boti ikalala wazi usiku mzima. Kwa kuwa nilikataza moto, nyumba nzima ilikula mandazi ya dukani kuanzia Alhamisi mpaka Jumamosi, na yule mama mnene alisema sabuni yangu imemponya hamu ya mandazi maishani.

Wekoye alirudi kutoka kwenye migomba saa moja baadaye na kuuliza ashike nini. Tangu hapo tulifanya kazi pamoja. Mipira niliikata kwa kisu kikali ili midomo yake iwe sawa, na kila ncha nikaitia klipu mbili, si moja. Paipu ya pumzi ya tangi tuliipeleka nje ya ubavu wa boti, ili mvuke ukitoka uende na upepo. Karibu na sanduku la injini tulikuta feni ndogo ambayo hakuna aliyejua kazi yake. Kitabu kilituambia ni ya kunyonya mvuke kutoka tumboni kabla ya kuwasha injini. Panya walikuwa wamekula waya wake. Niliubadilisha, nikarudisha betri kwa kuwa harufu ilikuwa imekwisha, na feni ikazunguka.

Tangi lilifika Jumamosi saa nane mchana, juu ya lori la viazi. Tulilifunga kwa mikanda ili lisichezecheze, tukamwaga petroli kidogo tu, tukasubiri. Kisha nikamwomba Sista Pauline beseni la maji ya sabuni. Alinitazama vizuri kabla ya kulitoa. Nikapaka povu kwa brashi kwenye kila ungio na kumwonyesha Wekoye kwamba povu likichemka kuna uvujaji, na likitulia hakuna. Ungio moja la chujio lilichemka. Nilikaza, nikapaka tena, likatulia. Nikafuta yote kwa kitambaa kikavu.

Kuhusu trekta, mwenyewe, Kemboi, mkulima wa miwa, alisema Ijumaa ilikuwa Ijumaa na Jumapili ilikuwa ya miwa. Sista Pauline alikwenda kwake mwenyewe. Sijui walisemezana nini, ila alikuwa amewachoma sindano watoto wote sita wa Kemboi walipozaliwa, na Jumapili, ibada ya kwanza ilipotoka, trekta ilikuwa langoni.

Kabla ya kuwaruhusu waondoke nilimsimamisha Wekoye mbele ya boti na kumwambia anieleze, asirukeruke. Wakati wa kutia mafuta watu wote wanashuka, hata mtoto. Hakuna sigara, hakuna simu. Mdomo wa kopo unagusa mdomo wa tangi. Baada ya kujaza, anafunga, anafuta, anafungua vifuniko, anainama na kunusa chini kwa pua yake mwenyewe. Kisha feni dakika nne akitazama saa, ndipo ufunguo. Kila asubuhi aangalie kikombe cha chujio na kumwaga maji yaliyokaa chini. Kila mwezi apapase mipira yote, na ukiwa mgumu hata mmoja, anipigie. Mtungi wa kuzimia moto ukae mahali mkono unapofika. Alinieleza yote mara mbili. Mara ya pili alichoka, akasema, "Kuka, dakika nne ni nyingi, watu watanipiga." Nikamwambia wampige akiwa na mwili.

Siku tatu zilipita bila simu. Redio ilisema tuta limepasuka mahali fulani. Nilifungua kinu cha kusagia cha mtu wa Kiminini na kukifunga bila kukumbuka nilichokifanya, ikabidi nikifungue tena. Cheptoo alinipikia uji bila kuniuliza kitu.

Alhamisi asubuhi simu ililia. Nilisikia maji, na watoto, na kuku. Wekoye alikuwa anapiga akiwa amesimama nchi kavu, hatua hamsini kutoka kwenye boti. Hilo alilisema kwanza, kabla ya salamu. Kisha akaniambia Nekoye, watoto wote wanne na yule mama mkwe walikuwa shuleni mlimani tangu jana yake. Alikuwa amembeba yule mama juu ya mlango uliong'olewa kwenye nyumba. Sasa alikuwa ametia mafuta na kumwacha mtu wa kulinda boti, na watu kumi na watatu wa safari ya pili walikuwa wamesimama kwenye matope wakimtukana.

"Wanasema nini?" nikauliza.

"Wanasema dereva gani huyu ananusa boti kama mbwa. Kuka, ngoja kwanza. Naenda kuhesabu dakika."

Aliweka simu chini bila kuikata, juu ya kitu fulani, jiwe labda. Nilisikia hatua zake zikienda majini, kisha sauti nyembamba ya feni kwa mbali, kisha mwanamume mmoja akiuliza kwa nini serikali inawaletea vichaa. Nilitoa saa yangu. Cheptoo alikuja akasimama kando yangu na mikono yenye maji, nikamwonyesha simu, tukasikiliza pamoja. Dakika ya kwanza. Ya pili. Kwenye ya tatu mtoto alianza kulia na mtu akamwimbia. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Ilipotimia ya nne nilimwinulia Cheptoo kidole, na kule Budalangi injini ikawaka.